Kabla hujampa mchoraji kazi ya picha ya mtakatifu, soma hapa kwanza

Msimamizi wa jumuiya yetu ya kanisani ni Mtakatifu Teresa wa Avila. Mwaka juzi tukachangishana tupate picha yake ya kuchorwa kwa mkono, iwe inazunguka nyumba kwa nyumba tunapokutana Jumamosi, na mi nikapewa kusimamia eti kwa sababu najua mambo ya mitandao. Nikamtumia fundi meseji moja tu, "picha ya Mt. Teresa, awe mrembo." Basi. Wiki tatu baadaye jamaa analeta sista mbichiii, miaka ishirini na kitu, midomo myekundu, kakumbatia msalaba na mawaridi kibao. Nikajua nimeyakanyaga.

Maana Teresa wako wengi jamani. Wa mawaridi ni Teresia wa Mtoto Yesu, wa Lisieux kule Ufaransa, alifariki 1897 akiwa na miaka 24 tu. Wa sari nyeupe yenye mistari ya bluu ni wa Calcutta, huyo hamna asiyemjua. Wetu ni Mhispania, alizaliwa 1515, ndo aliyeanzisha shirika la watawa Wakarmeli Peku, konventi (nyumba ya watawa) ya kwanza ilikuwa ya Mt. Yosefu palepale Avila mwaka 1562. Na sikukuu yake na ya yule wa Lisieux zote Oktoba, huyu tarehe 15 yule tarehe 1, na wote ni Wakarmeli, nguo zilezile, kwa hiyo fundi wa watu kachanganya kihalali kabisa. Wewe mwambie anashika nini: wa Avila mpe kalamu ya unyoya, kitabu na njiwa, maana alikuwa mwandishi, hadi 1970 akatangazwa Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake Kanisa zima linayategemea, mwanamke wa kwanza kupewa hiyo heshima.

Ila kosa kubwa lilikuwa lile neno "mrembo". Nilipoanza kutafuta picha ya kumpa fundi arudie ndo nikakutana na hii kitu: picha karibu zote nzuri nzuri za Teresa zimechorwa na watu ambao hawakuwahi kumwona. Ile aliyokaa mwenyewe akachorwa ni ya 1576 kule Sevilla, alikuwa na miaka 61, na hata hakutaka, padri mkubwa wake Gracián ndo alimwamuru akakaa kwa utii. Mchoraji alikuwa Bruda Juan de la Miseria, Mkarmeli mwenzao kutoka Italia, na inasemekana kazi ilipoisha mama kaitazama akasema, Mungu akusamehe Bruda Juan, yaani umenichora mbaya na matongotongo! Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Lakini iangalie vizuri. Mama mzima, uso mpana, shela nyeusi, joho jeupe, mikono kaikutanisha, juu kuna njiwa na utepe wenye maneno ya Zaburi, fadhili za Bwana nitaziimba milele. Macho kweli yamechoka kidogo. Na huyu mama alikuwa anasafiri na mikokoteni nchi nzima akifungua konventi, sasa ulitaka macho yaweje? Sista María de San José, aliyekuwa mkuu wa konventi ya Sevilla, aliandika kwamba Teresa alikuwa na vidoa vitatu vidogo upande wa kushoto wa uso. Nikamwambia fundi viweke vyote, usifute hata kimoja.

Raundi ya pili nikawa mjanja. Nikaprinti kwa rangi, kubwa, steshenari, sio kumtumia ile ya WhatsApp iliyofowadiwa mpaka imekufa rangi (mara ya kwanza kanzu ya kahawia ilitoka nyeusi tii, kama mtawa wa Kibenedikto kabisa, wale wa kanzu nyeusi). Nikaomba nione mchoro wa penseli kabla hajagusa rangi, hapo kusahihisha ni ufutio tu, akishapaka mafuta mtaanza kuvutana bei. Na advansi nikatoa nusu, sio yote kama mwanzo.

Kuna mama mmoja wa kamati alilalamika kwamba mtakatifu amezeeka. Nikamwonyesha ile aliyochorwa akiwa na miaka 61, akanyamaza.

Ile ya mawaridi haikupotea, jumuiya ya jirani msimamizi wao ndo Teresia wa Mtoto Yesu, wakainunua nusu bei na lipstiki yake vilevile.