Kufika Aktiki au Antaktika wakati nchi yako haina meli: jibu refu kwa aliyeuliza

Mkuu nimelisoma swali lako. Umemaliza masters ya sayansi ya bahari, unataka kazi za Aktiki au Antaktika, nchi yako haina meli ya utafiti wala kituo kule, supavaiza wako hajuani na watu wa huko, na PhD ulizoomba wamekukalia kimya. Waliotangulia wamekwambia endelea kuomba PhD tu. Mimi naona tofauti kidogo, maana nimepita njia hiyo hiyo na saivi kazi yangu ni vipimo vya bahari melini, zamu za kule kusini kwenye barafu nazijua vizuri. Kiukweli wengi niliokutana nao deki hawakufikishwa na PhD, walifikishwa na ujuzi mmoja ambao msafara ulikuwa unauhitaji, na watu wawili watatu waliokuwa wanajua kwamba wanao. PhD ilikuja baadaye, na wengine haikuja kabisa na bado wanaitwa.

Ngoja nieleze kwanini iko hivyo. Siku moja ya meli ya barafu ni ghali mno kwa hiyo hamna kusimama, kazi inaenda usiku na mchana kwa zamu, mara nyingi masaa 12 kazini na 12 ya kupumzika. Polarstern ya Ujerumani, inayofanya kazi tangu 1982, inabeba wanasayansi wapatao 50, na kati ya hao maprofesa wenye majina ni wachache tu, waliobaki ni watu wa zamu, wanaoshusha vifaa, wanaochukua sampuli, wanaosafisha data kabla hazijachacha. Nafasi hizo ndo zinazotafutiwa watu kila msimu.

Chukua CTD, kifaa ambacho karibu kila safari kinakuwepo. Ni fremu ya chuma yenye sensa za joto, za mgandamizo na za jinsi maji yanavyopitisha umeme (hapo ndo tunapata kiwango cha chumvi), imezungukwa na chupa za Niskin za kuchotea maji kwenye kina unachotaka, kawaida 24, kila moja lita 10 au zaidi. Winchi inaishusha kama mita 60 kwa dakika, kwa hiyo kina cha mita 4000 kinakula masaa matatu hivi kushuka na kupanda. Wewe upo mbele ya skrini unaongea na mtu wa winchi kwa redio, na wakati wa kupanda unamwambia asimame kwenye kina mlichokubaliana, unasubiri angalau nusu dakika maji yatulie kwenye sensa, unafunga chupa, unaandika kwenye logi, mnaendelea. Ikishafika deki kuna foleni, na foleni ina sheria zake: za gesi kwanza, oksijeni mapema sana, kaboni inafuata, alafu virutubisho, chumvi mwisho kabisa, kwa sababu chupa ikishafunguliwa hewa inaingia na gesi ndo zinaharibika haraka. Oksijeni unaingiza mrija mpaka chini ya kichupa, unaacha maji yafurike mpaka yabadilike kama mara tatu, unatia kemikali, unafunika, na kiputo kikibaki ndani sampuli hiyo haifai. Kwenye baridi kali kuna la ziada, maji yakianza kuganda ndani ya chupa barafu inaitema chumvi kwenye maji yaliyobaki, basi namba ya chumvi inapanda wakati bahari haikuwa hivyo, ndo maana kifaa kinaingizwa haraka kwenye chumba chenye joto. Mtu anayefanya haya yote saa tisa usiku kwa umakini ule ule wa saa tisa mchana, jina lake linakumbukwa wakati mkuu wa msafara anapanga safari inayofuata. Nimeona hilo kwa macho yangu na ndivyo nilivyoitwa mimi mara ya pili.

Sasa utaniuliza nitajifunzaje wakati sina meli. Anza na data, mkuu, na anza wiki hii. Vifaa vya Argo vinavyoelea baharini ni kama 4000, kila kimoja kinapima joto na chumvi mpaka mita 2000 kila baada ya siku 10 hivi, na data zake ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Kwa upande wa barafu kuna MEOP, ni data za sensa ndogo zilizobandikwa kwenye vichwa vya sili, wanyama hao wanazama chini ya barafu mahali meli haipiti, nazo ni bure. Ramani za barafu ya bahari kutoka satelaiti zinaanzia mwishoni mwa miaka ya 70. Programu ya Ocean Data View ya kuchorea data za bahari, iliyotengenezwa AWI (taasisi ya utafiti wa ncha za dunia na bahari) kule Ujerumani, haina malipo kwa utafiti na masomo, na Python, lugha ya kompyuta ya kuchakata data, ipo. Chagua eneo moja dogo, tuseme ukingo mmoja wa bara la Antaktika, chukua data za sili na za Argo, zisafishe, zilinganishe, ujue ipi ni kosa la sensa na ipi ni bahari yenyewe. Hiyo kazi ya kutofautisha kosa la sensa na bahari ndo inayowachosha watu maabara zote na ndo wanamtafuta anayeiweza. Mimi nilifungua mlango kwa mchoro mmoja wa namna hiyo, niliutuma kwa maabara niliyokuwa nasoma kazi zao, nikaeleza kwamba profaili kadhaa (vipimo vya kutoka juu mpaka chini) kwenye data yao naona chumvi inateleza kidogo kidogo kama sensa inapoteza usahihi, na swali langu kwao lilikuwa ni moja tu, kama wanaona hivyo pia. Walijibu. Barua zangu za nyuma za kuomba nafasi yoyote ile hazikujibiwa na mtu.

Kwenye mafunzo yenyewe, usihangaike na orodha ndefu za mitandaoni, nyingi zimepitwa na wakati. Nitakutajia ninazoziamini. Ya kwanza ni POGO, huu ni muungano wa taasisi kubwa za uchunguzi wa bahari tangu 1999, na wana vitu viwili vya kuangalia. Kimoja ni feloshipu ya POGO na SCOR (kamati ya kimataifa ya utafiti wa bahari), unaenda kukaa kwenye maabara ya nchi nyingine mwezi 1 mpaka 3 kujifunza kitu maalum, na imewekwa kwa ajili ya watu wa nchi zinazoendelea walioko mwanzoni mwa kazi. Kingine ni mafunzo ya miezi 10 waliyoyaanzisha pamoja na Nippon Foundation, shirika la hisani la Japani, yalianzia Bermuda 2008 yakahamia AWI 2013 kwenye kisiwa cha Helgoland, darasa ni watu 10 hivi kutoka pande zote za dunia. Waliopita hapo wanabebana, hilo ndo la maana zaidi, kuna mtandao wa wahitimu na wakipata mradi wanatafutana wao kwa wao.

Ya pili watu wengi hawaifikirii kwa sababu haina neno barafu ndani yake. Ni mafunzo ya GEBCO (mradi wa kimataifa wa ramani za kina cha bahari) ya kuchora sakafu ya bahari, chuo kikuu cha New Hampshire Marekani, yalianza 2004, mwaka mzima, na Nippon Foundation hao hao ndo wanalipia. Wahitimu wake waliunda timu, wakashindana kutengeneza njia ya kupima kina cha bahari bila watu melini, na 2019 wakachukua zawadi kuu ya dola milioni 4 kwenye Shell Ocean Discovery XPRIZE. Sikwambii hivyo kwa ajili ya hela. Mradi wa Seabed 2030 ulianza 2017 kwa lengo la kuchora sakafu yote ya bahari ifikapo 2030 na mpaka sasa imechorwa robo na kidogo tu, na maji ya karibu na ncha za dunia ni kati ya yale yenye mapengo makubwa. Mtu anayejua sonari ya kina anapata nafasi melini kirahisi kuliko mtu mwenye nadharia nzuri. Hata akikosa meli ya utafiti kuna kazi za upimaji wa bahari dunia nzima.

APECS jiunge leo hii, hawatozi. Ni umoja wa vijana wa sayansi ya ncha za dunia, ulizaliwa kwenye Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007–2008, na vijana wenyewe ndo waliuanzisha. Faida yake ni kazi za pamoja kuliko matangazo. Mfano ripoti maalum ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kuhusu bahari na barafu iliyotoka 2019, rasimu yake ilipitiwa na kundi la vijana kupitia APECS, maoni yao yakaingia kama ya wahakiki wengine wote. Fikiria CV ya mtu asiye na PhD yenye kitu kama hicho. Alafu kuna jambo ambalo limekaribia, mwaka mwingine wa namna ile unapangwa 2032–33, kamati zake zinaundwa miaka hii na zinataka vijana. Wale wa 2007 waliojitolea kuandika mihtasari ya vikao na kuendesha webina, leo baadhi yao ndo wanaoongoza misafara. Ingia kwenye kikundi kimoja, fanya kazi mpaka iishe, usijiandikishe kwenye vitano.

Kamati za kimataifa za sayansi, SCAR kwa Antaktika na IASC kwa Aktiki, nao wana feloshipu kila mwaka, ila soma masharti ya uanachama wa nchi kabla hujapoteza mwezi kuandika maombi. GO-SHIP, wale wanaorudia mistari ile ile ya vipimo baharini kila muongo, upande wa Marekani wanatangaza wazi nafasi za zamu za CTD kwa wanafunzi, lakini wanachukua hasa walioko vyuo vya huko. Kama una rafiki anasoma huko mwambie. Kozi za OceanTeacher za UNESCO ni za kusomea mtandaoni, hazina gharama, nzuri kwa usimamizi wa data.

Kwenye barua kwa mwenyeji, andika fupi. Aya moja unasema umefanya nini kwenye data zao, nyingine unataka kujifunza kifaa au njia gani hasa na kwanini pale na si kwingine, ya mwisho unataja feloshipu na tarehe yake ya mwisho ili aone kwamba humwombi hela yake. Feloshipu nyingi zinataka barua ya mwenyeji kwa hiyo anza miezi mitatu kabla, sio wiki mbili.

Jingine ni makaratasi. Nafasi melini zinafunguka dakika za mwisho, mtu anaumwa au anakosa ruhusa, na anayechukuliwa ni yule ambaye karatasi zake ziko tayari. Pasipoti yenye muda mrefu, uchunguzi wa afya pamoja na meno (daktari wa msafara hataki jino lako liume wiki tatu kutoka bandarini), kozi ya usalama baharini kama unaweza kuipata. Viza ndo inaua ndoto nyingi kwetu tunaotoka nchi zinazohitaji viza kila mahali. Safari za Antaktika zinatokea bandari kama Cape Town, Punta Arenas (Chile) au Hobart (Australia), na unaweza kuondokea moja ukarudia nyingine. Svalbard, visiwa vya Norway kule Aktiki, yenyewe kwa mkataba wa 1920 haidai viza, ila ndege inapita Norway bara, na kwa kuwa Svalbard iko nje ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja) unahitaji viza ya kuingia mara mbili, la sivyo unakwama wakati wa kurudi. Nimewahi kupoteza nafasi kwa sababu ubalozi mmoja ulikaa na pasipoti yangu mpaka meli ikaondoka, na iliniuma sana, kwa hiyo omba viza siku ile ile unapopata barua na mwombe mkuu wa msafara aandike barua rasmi kwa ubalozi.

Kuna mlango mwingine sijaona mtu anautaja humu. CCAMLR, tume inayosimamia viumbe wa bahari ya kusini, yenye makao Hobart, inalazimisha kila meli inayovua samaki aina ya toothfish kwenye eneo lake iwe na waangalizi wa kisayansi. Ni kazi ngumu, miezi kadhaa kwenye meli ya uvuvi, unapima samaki, unahesabu ndege, unaweka alama na kurudisha wengine majini, lakini inalipwa na ukirudi una uzoefu wa Bahari ya Kusini ambao maprofesa wengine hawana.

Kuhusu ajira nisikufiche, postdoki nyingi (kazi za utafiti baada ya PhD) ni mikataba ya mwaka au miwili unahama nchi kila mara, na inachosha hasa ukiwa na familia. Mafundi wa vifaa na wasimamizi wa data mara nyingi wana ajira tulivu zaidi kuliko hao, mimi nilichagua upande huo na sijutii. Na kwa dada zetu wanaosoma uzi huu, 2022 ilitoka ripoti kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kwenye vituo vya Marekani huko Antaktika, ilikuwa nzito. Kabla ya kusaini uliza waziwazi malalamiko yanapelekwa kwa nani mkiwa mbali na nchi kavu, na kama mkuu wa msafara anababaika kujibu, tafuta msafara mwingine. Kundi la Polar Impact nalo ni zuri kwa sisi ambao mara nyingi tunajikuta peke yetu kwenye rangi yetu melini, unaweza kuuliza mambo ambayo huwezi kumuuliza bosi.

Mkuu chagua eneo lako la bahari, ukishapata mchoro wa kwanza na barua, iweke humu ufute majina, mimi na wengine tutaipitia.