Fundi wa mihuri auliza: mihuri ya mawe ya Sumeri na Babeli ilichongwaje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa mihuri hapa Mwanza, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii. Nilianza kwa kukata mpira kwa wembe, siku hizi natumia mashine ya leza. Binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya muhuri wa kale wa Iraki: kijiwe cha mviringo mfano wa kipande cha chaki, kimetobolewa katikati, na ubavuni kimechongwa watu wawili, nyati wawili na maandishi. Anasema una zaidi ya miaka 4,000. Naomba unieleze kama fundi kwa fundi. Kwa nini waliufanya wa kubiringisha badala ya kugonga kama wetu? Walichongaje jiwe gumu vile bila chuma? Nini kilimzuia mtu kughushi? Na je, naweza kununua mmoja au kujitengenezea?

JIBU: Marahaba, fundi. Kazi yangu ni kutunza na kuchunguza vitu vya kale vya mawe na udongo, na ni mara chache napata swali kutoka kwa mtu ambaye mikono yake inajua kuchonga kinyume. Nitakujibu kwa urefu.

Nianze na umbo, maana ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi. Muhuri wako ni bapa kwa sababu karatasi ni bapa. Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, hawakuwa na karatasi, walikuwa na udongo. Mito ya Frati na Hidekeli iliwaletea tope laini bila kikomo, na nchi yao ya kusini haikuwa na mawe wala miti mikubwa ya kutosha. Basi udongo ukawa kila kitu: matofali, vyungu, vibao vya kuandikia, hata mundu wa kuvunia nafaka zamani sana uliwahi kufinyangwa kwa udongo na kuchomwa. Ukawa pia kufuli.

Chukua mtungi wa mafuta ulioko ghalani. Mdomo umefunikwa kwa kitambaa, kitambaa kimefungwa kwa kamba shingoni, na juu ya kamba umepakwa udongo mbichi kuzunguka shingo yote. Sasa una ukanda mrefu uliopinda. Ukiugonga kwa muhuri bapa itakubidi ugonge mara kumi na tano, na kati ya chapa moja na nyingine patabaki upenyo mtupu. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo: atakata pale penye upenyo, atachota mafuta, kisha ataziba kwa udongo mwingine na hakuna atakayejua. Lakini ukibiringisha kijiwe cha mviringo, picha inajirudia bila kukoma na ukanda mzima unajaa kwa mkono mmoja. Vivyo hivyo kwa vile vidonge vya udongo vyenye uwazi ndani, ukubwa wa chungwa dogo, ambamo walifungia vihesabio vya mifugo au nafaka: vilifunikwa chapa pande zote pasibaki mahali pa kupenyeza ncha ya kisu. Milango ya ghala nayo ilifungwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye kigingi cha ukutani, udongo juu ya kigingi, chapa juu ya udongo. Aliyefungua alivunja udongo, na vipande vilivyovunjwa havikutupwa ovyo; viliwekwa kama risiti. Huko Arslantepe, mashariki mwa Uturuki, wachimbaji walikuta vipande zaidi ya 2,000 vya namna hiyo katika majengo ya milenia ya 4 KK.

Mihuri ya kugonga ilitangulia kwa maelfu ya miaka. Wa kubiringisha ulizuka takriban mwaka 3500 KK, katika mji wa Uruk, ambao wasomaji wa kitabu cha Mwanzo wanaujua kwa jina la Ereku, na pia Susa upande wa Irani. Kilichonishawishi kwamba udongo ndio uliouzaa ni jinsi ulivyotoweka. Katika milenia ya 1 KK lugha ya Kiaramu ilienea, nayo iliandikwa kwa wino juu ya ngozi na mafunjo. Waraka ulikunjwa, ukafungwa kwa uzi, na juu ya fundo likawekwa donge la udongo dogo kama harage. Harage huwezi kulibiringishia kitu. Muhuri wa kugonga ukarudi, na ule wa kubiringisha, baada ya kutumika miaka 3,000, ukaisha.

Sasa kuchonga. Kwa ulivyoieleza picha, nadhani binti yako alikuonyesha muhuri wa Ibni-sharrum, ulioko makumbusho ya Louvre mjini Paris. Mwenyewe alikuwa mwandishi wa Shar-kali-sharri, mfalme wa Akadi, dola ya kale ya huko huko Iraki, karibu mwaka 2200 KK. Kimo chake ni sentimita 3.9 na kipenyo 2.6. Zidisha kipenyo kwa 3.14 utapata uwanja wa sentimita 8 na kidogo, na katika uwanja huo mchongaji ameweka mashujaa wawili uchi wenye nywele za vishungi, wamepiga goti moja, kila mmoja ameshika mtungi unaobubujika maji na kumnywesha nyati wa majini. Chini yao mto unapita kati ya miamba. Pembe za nyati zimepinda zikabeba maandishi yenye majina ya mfalme na mwandishi wake. Mimi naona hakuna kipindi kilichowashinda Waakadi kwa kazi hii. Wachongaji wengi hujaza nafasi kwa kuogopa utupu. Huyu ameacha hewa, na misuli ya mapaja ya wale watu unaiona kwenye udongo kama unaweza kuishika.

Vifaa vyao vilikuwa vichache: ncha za shaba, baadaye za shaba iliyochanganywa na bati; vipande vya gumegume vyenye makali; na keekee ya uta, ile ile ambayo mafundi seremala wa pwani yetu waliitumia hadi juzi, kamba ya uta imezungushwa kwenye mti wa keekee, mkono mmoja unavuta uta mbele na nyuma, mwingine unakandamiza. Lakini shaba ni laini. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs ina kama 3, sawa na marmari. Haiwezi kukata akiki, yenye 7. Siri ni kwamba shaba haikati. Kazi yake ni kubeba unga mgumu uliochanganywa na maji au mafuta, na ule unga ndio unaokula jiwe. Ukilifahamu hili hutashangaa tena mtu kutoboa akiki bila chuma. Utashangaa subira yake tu. Tundu la katikati, la kupitishia kamba, kwa kawaida lilitobolewa kutoka pande zote mbili hadi zikutane, na ukimulika ndani mara nyingi unaona pale katikati hazikulingana sawasawa.

Mawe yalibadilika kadiri ya biashara na mitindo. Chokaa na marmari mwanzoni. Lapisi-lazuli ya buluu ilisafiri kutoka milima ya Badakhshan, Afuganistani. Malkia Puabi, aliyezikwa katika mji wa Ur, katika makaburi ambayo Leonard Woolley aliyachimba miaka ya 1920, alikuwa na muhuri wa jiwe hilo. Katika zama za Babeli ya kale, zama za mfalme Hammurabi, karibu kila mtu alitaka hematiti, jiwe jeusi zito lenye madini ya chuma na ugumu wa kama 6, linaloshika mistari myembamba vizuri mno. Waashuru na Wababeli wa baadaye wakapenda akiki na mawe ya jamii yake. Na kulikuwa na ujanja ambao utaupenda: kuchonga jiwe la sabuni, lile lile tuliitalo jiwe la Kisii, ambalo hata ukucha unalikwaruza, kisha kulichoma tanurini. Moto mkali hulibadilisha likawa gumu kabisa, na juu yake hupakwa rangi ya kung'aa. Yaani unachonga siagi, unapata jiwe.

Tunajuaje haya yote? Watafiti wa Makumbusho ya Uingereza walimimina mpira laini wa silikoni ndani ya michongo, wakaung'oa, wakauangalia kwa hadubini ya elektroni. Kila kifaa huacha alama zake: gumegume huacha alama za kudonoa, keekee huacha miduara, na gurudumu dogo la kukatia, linalozungushwa kwa uta, huacha mifereji mipana katikati na iliyochongoka ncha zote mbili. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba gurudumu liliingia katika kazi hii milenia ya 2 KK, baadaye kuliko ilivyodhaniwa. Hata kwa macho matupu utaona. Katika mihuri ya mwisho ya Babeli ya kale wachongaji waliacha vishimo vya keekee bila kuvisawazisha: kichwa ni kishimo, bega ni kishimo, mwezi mwandamo ni nusu ya duara la keekee yenye uwazi. Waashuru wakavigeuza kuwa alama: vishimo 7 pamoja ni Kilimia, nyota zile zile ambazo wakulima wetu walizitazama.

Jambo lililo gumu kuliko yote halihusu ugumu wa jiwe, na wewe unalijua. Mchongaji alifanya kazi kinyume mara mbili: kushoto ikawa kulia, na kilichochimbwa ndani zaidi ndicho kitakachoinuka juu zaidi. Tumbo la nyati ni shimo. Maandishi yao, yenye alama za umbo la kabari, yalikatwa kama yanavyoonekana kwenye kioo. Mchongaji wa mihuri Wasumeri walimwita burgul, Waakadi purkullu, na mkataba mmoja wa uanagenzi kutoka Babeli, baada ya nchi kutawaliwa na Waajemi, unataja miaka 4 ya kujifunza.

Kughushi. Mtu angeweza kujaribu, lakini muhuri haukusimama peke yake. Muhuri wa mtu mwenye cheo ulitaja jina lake, kazi yake, jina la baba yake na mara nyingi la mfalme anayemtumikia. Mkataba ulikuwa na mashahidi, nao walibiringisha yao. Hati ya mkopo au ya mauzo ilivikwa bahasha ya udongo, maneno yakarudiwa juu ya bahasha na chapa zikapigwa hapo. Pakitokea ubishi, hakimu alivunja bahasha na kusoma ya ndani. Asiye na muhuri alibonyeza ukucha wake au pindo la vazi lake. Aliyepoteza muhuri alikuwa hatarini kama anayepoteza kadi ya benki leo, na kuna kibao kinachosimulia jinsi mfanyabiashara mmoja alivyopotelewa na wake: mpiga mbiu akapiga pembe mitaani kutangaza kwamba kuanzia hapo chapa ile haimfungi tena mwenyewe. Ndiyo maana muhuri ulivaliwa mwilini. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, aliandika kwamba kila Mbabeli alikuwa na muhuri na fimbo, na ukifungua habari ya Yuda na Tamari katika Mwanzo utakuta rehani aliyoitaka Tamari ni muhuri, kamba yake, na fimbo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mwaka 672 KK. Mfalme Esarhaddon wa Ashuru aliwaapisha watawala wa chini yake wamtii mwanawe Ashurbanipal. Vibao vya kiapo hicho, vilivyopatikana Nimrud, kaskazini mwa Iraki, mwaka 1955, vina chapa za mihuri 3 ya mungu Ashur mwenyewe: mmoja wa baba yake Esarhaddon, mwingine wa karne nyingi nyuma, na wa tatu uliokuwa tayari na zaidi ya miaka 1,000 siku ile ulipobiringishwa.

Kununua, hapana, nakusihi. Aprili 2003, vita vilipoingia Baghdad, makumbusho ya taifa ya Iraki yaliporwa, na katika vitu vilivyoibwa ilikuwamo mihuri hii karibu 5,000, kwa sababu mingi inaenea mfukoni. Maeneo ya machimbo nayo yalitobolewa mashimo usiku na mchana. Unaouzwa mtandaoni bila karatasi za asili yake mara nyingi ama umeibwa, ama ni wa bandia uliokatwa kwa mashine. Muhuri uliong'olewa ardhini kwa wizi haumwambii tena mtu ulilala katika nyumba gani, kaburi la nani, karibu na kibao kipi. Hasara hiyo hairudishiki hata jiwe likirudishwa.

Kujitengenezea, ndiyo, na ningefurahi sana. Tafuta kipande cha jiwe la Kisii. Likate na kulisugua likiwa limeloa, na ufunge barakoa, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Lifanye la mviringo, kipenyo sentimita 2, kimo 3, na ulitoboe kabla ya kuchonga picha. Likipasuka, bora lipasuke likiwa tupu. Chora picha yako kwenye ukanda wa karatasi wa sentimita 6.3, uuzungushe ili kuona mwisho unapokutana na mwanzo, maana hapo ndipo wanagenzi wengi hushindwa: mkia wa mnyama wa mwisho unagongana na pua ya wa kwanza. Usitumie leza. Leza yako kwa kawaida inachimba kina kimoja, nawe unataka vina vingi. Tumia ncha ya chuma na keekee ndogo ya mkono, na kila baada ya dakika chache ubonyeze kwenye udongo uone umefika wapi.

Udongo uwe wa mfinyanzi, umekandwa vizuri, umeachwa mpaka haugandi tena kidoleni. Anza kubiringisha kwa kiganja, uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, mizunguko miwili kamili. Kisha nitumie picha ya udongo, si ya jiwe.