Jeni za nyoka: usiilaumu barabara kabla ya kupiga hesabu

Wanaoanza kazi ya kuchunguza jeni za nyoka hukuta makundi mawili ya nyoka yenye jeni tofauti, wakaona barabara katikati, basi barabara ndiyo mkosaji. Huenda makundi hayo yalitengana tangu kilele cha Enzi ya Barafu, takribani miaka 21,000 iliyopita, baridi na ukame vilipowabana nyoka kwenye vipande vichache vya makazi.

Piga hesabu kwanza. Kila kizazi, kundi lililotengwa hupoteza sehemu 1/(2Ne) ya heterozigosi, yaani uwezekano wa nakala mbili za jeni kutofautiana. Ne ni ukubwa fanisi wa kundi, yaani ukubwa unaozingatia wanaochangia uzazi, na kwa kawaida ni mdogo kuliko idadi ya nyoka unaowahesabu. Ne ikiwa 50, hasara ni asilimia 1. Msitu ukikatwa miaka 30 iliyopita na kizazi kikiwa miaka 5, ni vizazi 6 tu vimepita: asilimia 94 bado ipo. Kipimo hiki kitakuambia mambo shwari huku kundi linakwisha. Aleli (matoleo ya jeni moja) adimu ndizo hutangulia kupotea; zihesabu, ila sawazisha kwanza idadi ya sampuli. DNA ya mitokondria, iliyo nje ya kiini cha seli, iachie historia ya kale. Inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo dume aliyehama haimwoni.

Seli nyekundu za damu ya nyoka zina kiini chenye DNA, hivyo tone dogo la damu ya mshipa wa mkia linatosha. Kipande cha gamba la tumbo ndani ya ethanoli ya asilimia 95 kinafaa pia. Gamba alilojivua lichukue likiwa bichi, likaushe, litie kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki litaota ukungu na DNA itakatikakatika. Usikusanye wote kwenye shimo moja, utapima familia. Lenga nyoka 20 hadi 30 kila eneo, na maeneo ya katikati usiyaruke: ukipima ncha mbili tu, umbali wenyewe utajifanya mpaka.

Tiba ya kundi lililotengwa ipo. Huko Smygehuk, Sweden, vipiri wa Vipera berus waliotengwa walizaa watoto wengi wafu au wenye kasoro. Mwaka 1992 waliletewa madume 20 kutoka kundi kubwa. Baada ya misimu minne ya kupandana, madume waliosalia wakarudishwa kwao, na idadi ikapanda sana. Kabla ya kuiga, pima kama kundi la kutoa na la kupokea hayakuachana tangu enzi za barafu. Yakiwa yameachana, tafuta kundi jingine lililo karibu kiukoo.