Msimbo wa akili mnemba: saini ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma kompyuta, mwaka wa tatu. Nilipeleka marekebisho kwenye mradi mmoja wa programu huria, nikasema wazi kwamba mengi yameandikwa na akili mnemba. Wameyakataa bila hata kuyajaribu, na kwangu yanafanya kazi vizuri! Je, nimevunja sheria?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujavunja sheria kwa kutumia akili mnemba, na umefanya vyema kusema ukweli. Tatizo ni saini.

Miradi mingi hudai mstari wa “Signed-off-by” wenye jina lako. Mfumo endeshi wa Linux ulianza kuutumia mwaka 2004, wakati kampuni ya SCO ikiishtaki IBM kwa madai ya msimbo uliopenyezwa humo. Ukitia jina, unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Sasa wewe, mistari ile unajua imetoka wapi?

Mwaka 2021, Copilot, akili mnemba ya kuandika msimbo, ikiwa bado kwenye majaribio, mtu mmoja aliionyesha ikiandika fomula maarufu ya mchezo wa Quake III, ile ya kukokotoa kinyume cha kipeuo cha pili. Ilitoka neno kwa neno, hata tusi la mwandishi wake likiwemo. Kisha ikabandika juu yake leseni isiyo yake! Msimbo ule uko chini ya GPL: ukiusambaza ndani ya programu yako, sharti programu nayo itolewe kwa GPL. Mradi wenye leseni ya BSD, isiyo na sharti hilo, ukiupokea bila kujua, tayari umeingia matatani, na jina lililo pale ni lako.

Upande wa pili, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilisema Januari 2025 kwamba maelekezo unayoiandikia mashine hayatoshi kukufanya mwandishi. Huwezi kumpa mwenzio leseni ya kitu usichokimiliki. Kwa wasiwasi wa hakimiliki wa namna hii, miradi ya mifumo endeshi Gentoo na NetBSD iliufungia mlango msimbo wa akili mnemba mwaka 2024, na QEMU, programu ya kuiga kompyuta, wakafuata 2025. Mimi nawaunga mkono: watunzaji wengi wa miradi hii wanajitolea tu, hawana wakili wa kuwatetea.

Kwa hiyo usiibadilishe rasimu ile majina ya vigeu ukairudisha. Iache. Hitilafu uliiona wewe, basi waandikie leo namna ya kuifanya itokee tena, hatua kwa hatua. Soma faili lao la CONTRIBUTING, lenye masharti ya kuchangia, kisha andika suluhisho lako mwenyewe tangu mstari wa kwanza.