Jibu: Kabla hujafungua rangi, mpelekee fundi mchoro auone

Mkuu, weka hiyo brashi chini. Unasema unataka kumchora fundi viatu wa mtaani kwenu kwa rangi za mafuta, umeshampiga picha ya simu "akiwa ametulia, anatabasamu", na sasa unauliza ununue turubai ya ukubwa gani, rangi gani, na fremu ukatengenezee wapi. Nilipofika kwenye "ametulia" roho ikanipasuka. Fundi aliyetulia hafanyi kazi!

Mimi nilichora seremala. Mwenye duka la samani alitaka picha kubwa ya ukutani, akanipa laki nne za kuanzia. Nikaenda karakana, nikamwambia fundi shika randa, tazama huku, usitikisike. Nikapiga picha moja kali, nikapanda bodaboda kama mtu aliyemaliza kazi. Miezi nikaimalizia kwenye mikunjo ya shati, jasho la paji la uso, hadi kovu la kidevuni. Nilijiona Caravaggio wa Buguruni, yule gwiji wa uchoraji wa Italia.

Siku ya kukabidhi nikamkuta mwenye duka yuko na baba yake, seremala mstaafu. Mzee akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu anapiga randa au anapiga pasi?"

Duka zima likacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Kisha mzee akaanza kunionyesha. Mabega yamelegea, wakati mpiga randa anasukuma kwa uzito wa mwili kuanzia miguuni. Miguu yenyewe nimeiweka sambamba, kama yuko foleni ya benki. Ubao haujabanwa kwenye jiriwa wala hauna kizuizi mbele. Msukumo mmoja tu ungeruka hadi barabarani. Maranda nimeyarundika nyuma ya randa, ilhali hutokea juu, kwenye tundu lililo mbele ya kisu. Maranda hayo hata kwenye picha ya simu hayakuwepo, maana siku ile hakuna kazi iliyofanyika. Niliyatoa kichwani ili pasionekane patupu. Na kurekebisha haikuwezekana. Ukihamisha mabega, mikono inahama, vivuli vinahama, shati lote unalianza upya. Laki nne nikazirudisha, nyingi zikiwa zimeshageuka rangi na kitambaa. Picha iko nyuma ya kabati, na mke wangu humwita yule bwana Dobi.

Aliyenipoteza ni mwalimu mmoja wa warsha, tena nililipa kiingilio kumsikiliza. "Picha moja ya simu inatosha, uso ndio unaouza." Uso! Katazame nakala ya wapasua mawe wa mchoraji Mfaransa Courbet wa 1849 (yenyewe iliteketea kwenye Vita Kuu ya Pili): mmoja ametupa mgongo, mwingine kofia imemfunika, na bado unausikia uzito wa lile jiwe. Usiniletee hoja kwamba Courbet naye aliwaita wale watu studio wakampozie. Aliwaita, ndiyo, lakini aliwakuta kwanza barabarani wakipasua mawe kweli. Au watazame wakwangua sakafu wa Mfaransa mwingine, Caillebotte, wa 1875, walioko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Wamepiga magoti, vifua wazi, mikono imenyooshwa mbele, maranda yamejikunja sakafuni, na unaona kabisa ubao upi umekwanguliwa na upi bado. Majaji wa Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, waliikataa, naye akaionyesha 1876 pamoja na wachoraji wenzake akina Monet na Degas. Caillebotte alikuwa na pesa za kutosha kukaa nyumbani akachora maua, lakini alianza na michoro ya penseli ya miili na mikono. Mwalimu wangu yeye alianza na kukusanya viingilio.

Wewe mwenzangu una hali mbaya zaidi, kwa sababu mkono mmoja wa fundi viatu hauonekani. Akishona soli, wa kulia unatoboa na msharasi kutoka nje, wa kushoto umezama ndani ya kiatu ukishika uzi ili ile ndoana ya msharasi iunase. Kiatu kimebanwa magotini. Kwenye picha yako ya tabasamu huo mkono wa kushoto uko wapi? Umelala juu ya paja, nakuapia.

Peleka kiatu chako kilichoachia soli, mlipe bei yake ya kawaida, kaa pale anapokaa mteja, uchore kwa penseli wakati anashona. Nyumbani usafishe mchoro, halafu umrudishie auone kabla hujafungua tyubu hata moja. Usimuulize kama ni mzuri, atakwambia mzuri ili uondoke. Muulize: "Fundi, kwa mkao huu hiki kiatu kitashoneka?" Akicheka, chora upya. Akinyamaza, pia chora upya.

Turubai usinunue mpaka akubali. Mambo ya fremu waulize wengine humu. Mchoro ukiwa tayari uweke hapa, ila mimi siutazami kabla fundi hajautazama.