Illuminati ilianzia wapi hasa

Ndugu umeuliza kama Illuminati, kile chama cha siri, wapo kweli na wanatawala dunia, walikuwepo ndio, profesa wa sheria Adam Weishaupt aliwaanzisha 1776 pale Ingolstadt, Bavaria (Ujerumani ya leo), wakawa wanaitana majina ya siri yeye akijiita Spartacus, ila serikali ikawapiga marufuku 1784-85 wakasambaratika. Hii stori ya kutawala dunia imekuja baadae, 1797, padri Barruel na Mskoti Robison wametoa vitabu wakiwatwisha Illuminati lawama za Mapinduzi ya Ufaransa. Inayoniuma zaidi ni ile Protokali za Wazee wa Sayuni, hati ya uongo iliyotoka Urusi 1903 ikawasingizia Wayahudi kuwa wanapanga kutawala dunia, 1921 gazeti la The Times la Uingereza likaonyesha imenakiliwa kwenye kitabu cha Mfaransa Joly cha 1864 kilichokuwa kinamsema Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, tu, na bado inarushwa magrupu ya WhatsApp mpaka leo jamani.