Ukitoka Kisumu kwenda Fort Jesus, usiende vile nilienda mimi

Sisi wa Kisumu tunajidai joto tunalijua, mpaka ushuke Mombasa saa sita mchana. Mara ya kwanza niliingia Fort Jesus, ile ngome ya zamani ya Mombasa, saa hiyo hiyo, nimetoka kwa basi la usiku, miguu imefura, ata maji sijanywa, nikazunguka dakika arobaini nikapiga selfi na mzinga nikatoka nikisema aah, si ni mawe tu. Mwaka jana nikarudi na wapwa wangu wawili ndio nikajua ile pesa ya kwanza niliitupa.

Kwa hivo kwanza lala. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 800, ata ukikatia Nairobi upande treni ya SGR utafika umechoka tu. Ngome iwe ya kesho yake, asubuhi wakifungua, sababu ndani ni uwanja wazi na yale mawe ya matumbawe jua likishayapata yanakurudishia joto usoni. Beba kitambulisho, mwananchi halipi sawa na mgeni.

Halafu tafuta mtu wa kuwatembeza, lakini bei muelewane kabla hamjaanza! Mimi kuna jamaa alinidaka nje ya geti akaongea vizuriii, bei nikaisikia mwisho. Lakini usiache kumchukua mtu, ile ngome haijielezi yenyewe. Kwa mfano inasemekana ina umbo la mtu amelala, na ukiwa ndani huwezi ona hiyo kitu, anza na ramani yake ndio kuta ziingie akilini. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, aliyeichora ni Muitaliano, Cairati.

Sasa mahali pa kukaa sana ni juu ya ukuta unaoangalia bahari. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, njaa na magonjwa yakawamaliza wa ndani kuliko ata risasi. Mpwa mdogo akaniuliza, "Anko, si wangetoroka na boti?" Nikamuonyesha maji hapo chini, nikamwambia meli ya Wareno ya kuja kuwasaidia, Santo António de Tanna, ilizama hapo hapo mbele ya ngome 1697. Akanyamaza. Tukaingia makumbusho tukaona vitu vilivyotolewa chini ya maji kutoka hiyo meli, na huwezi amini alisoma kila kibandiko, huyu mtoto ambaye homuwaki ni vita. Msiruke pia ile michoro ya Wareno ukutani, wamechora meli zao vile vijana wa Dunga, ufuo wetu wa wavuvi Kisumu, wanaweza chora boti wakikosa kazi.

Waingereza nao wakaigeuza jela, kutoka 1895 mpaka 1958. Hiyo niliiongea haraka, lakini mpwa mkubwa ndio ilimshika, akapiga hesabu: reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, kumbe wakati wanajenga reli ya kuja kwetu, hapa ngomeni tayari wamefunga watu. Sikuwa nimewahi kuziweka pamoja hivo.

Tengeni masaa matatu, na watoto msiwaharakishe. Sisi tulitoka karibu saa sita tukaingia Mji wa Kale kutafuta viazi karai na chatine ya ukwaju, yule mdogo akamaliza sahani mbili ndio akauliza kama hawa watu hawana omena.